Vali Mpya Ndani ya Moyo wa Zamani: Munganga Anawajibu Wasomaji

Mwezi huu munganga wetu, yaani daktari, amepokea barua kadhaa kutoka Lubumbashi na Likasi zinazohusu wazee waliowekewa nje ya nchi vali mpya ya moyo, yaani mlango unaopitisha damu, bila kupasuliwa kifua, ambao baada ya kurudi nyumbani wameanza kuona dalili zinazozisumbua familia zao. Tumechagua tatu na kuzifupisha kidogo, na mwishoni tumeongeza maswali mawili mafupi ya wasomaji wengine.

*Baba Munganga, salamu nyingi kutoka Katuba. Baba yangu ana miaka 79, na alifanya kazi mgodini zaidi ya miaka thelathini. Mwaka jana alianza kukosa pumzi akienda kanisani kwa miguu, na mara mbili alizirai. Ekografia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kwamba vali ya aota imebana sana. Ukoo ukachangishana, akapelekwa Afrika Kusini, wakamwekea vali mpya kwa kupitia mshipa wa kinena, na siku ya tano akatoka hospitalini akitembea mwenyewe. Sasa ni wiki ya tatu tangu arudi. Asubuhi akisimama anapata kizunguzungu, juzi alikaribia kuanguka uani, na pumzi imeanza kukatika tena, ingawa si kama zamani. Kinenani ana uvimbe mdogo mgumu. Shangazi anasema huo ni uzee tu. Ripoti tuliyopewa imeandikwa kwa Kiingereza na hapa nyumbani hakuna anayeielewa vizuri. Tufanye nini? Binti wa Katuba.*

Dada yangu, nianze na shangazi, kwa heshima zote anazostahili. Uzee haumfiki mtu ndani ya wiki tatu. Mzee aliyetoka hospitalini akitembea vizuri, kisha akaanza kuyumba, ana sababu mpya inayopaswa kutafutwa, na katika hali ya baba yako sababu hiyo itafutwe leo, si baada ya Jumapili.

Ili uelewe ninachokuhimiza kukitafuta, ni lazima nieleze kwanza walichomfanyia. Kwa wazee, vali ya aota, ambayo damu yote inayotoka moyoni kwenda mwilini hupita humo, hubana kwa sababu kalsiamu hujikusanya juu yake mwaka baada ya mwaka hadi inakuwa ngumu na kushindwa kufunguka. Zamani tiba ilikuwa kupasua kifua, kuusimamisha moyo, kuikata vali iliyoharibika na kushona nyingine mahali pake. Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen huko Ufaransa, daktari Alain Cribier alipitisha vali iliyokunjwa ndani ya mrija mwembamba kwenye mshipa wa mguu hadi moyoni, akaikunjua humo kwa puto. Vali hizi hushonwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe au wa nguruwe na kufungwa ndani ya kizimba cha waya. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtu wa miaka 57 aliyekuwa mahututi. Alifariki miezi michache baadaye kwa matatizo yasiyo ya moyo, ilhali vali yenyewe ilikuwa bado inafanya kazi. Mimi huikumbuka habari hiyo kila ninaposikia familia ikisema kwamba vali imekubali na kwa hiyo mambo yamekwisha.

Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi vya kutosha ni kwamba kwa njia hii vali ya zamani haitolewi. Inasukumwa pembeni, pamoja na kalsiamu yake yote, na vali mpya inakaa katikati kwa kuibana ukutani. Karibu kila tatizo linaloweza kufuata linatokana na hapo, au na njia ambayo mrija ulipitia.

Sasa turudi kwa baba yako. Kizunguzungu ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Chini kidogo ya mahali vali mpya ilipobanwa hupita waya wa asili wa moyo, yaani ule msuli mwembamba unaopeleka umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vyumba vya chini. Ukibanwa au ukivimba, umeme unaweza kukatika, moyo ukapiga polepole mno na mtu akaanguka ghafla. Mara nyingi hali hii hujitokeza katika siku za kwanza, mgonjwa akiwa bado chini ya uangalizi, lakini kwa baadhi yao huchelewa hadi majuma ya kwanza ya kurudi nyumbani, wakati ambapo hakuna mashine inayofuatilia mapigo. Kwa hiyo mpelekeni leo akapimwe elektrokadiogramu, kipimo cha umeme wa moyo cha dakika chache ambacho hospitali nyingi za Lubumbashi zinacho, na mwombeni daktari ailinganishe na ile iliyochukuliwa kabla ya kutoka Afrika Kusini. Matokeo yakiwa mazuri lakini kizunguzungu kikaendelea, aulize juu ya kipimo kinachovaliwa saa 24 au zaidi, kwa maana umeme wa moyo unaweza kukatika usiku na kurudi kabla hamjafika hospitalini.

Zipo sababu nyingine zisizotisha hivyo, nazo ni za kawaida sana. Je, anaendelea kumeza dawa za presha na za kuongeza mkojo kwa kiasi kilekile alichokuwa akimeza kabla ya vali? Mlango ukifunguka, mwili hubadilika: wapo wanaopanda presha kuliko zamani, na wapo ambao dawa za zamani huwakausha maji hadi wakisimama damu haifiki kichwani. Mpimeni presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika tatu, mkaandike namba zote mbili na kumpelekea daktari. Lakini msipunguze dawa wenyewe. Mwulizeni pia, bila kumwonea haya, kuhusu choo chake. Wazee hawa hutoka hospitalini wakiwa na aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na kinyesi cheusi kama lami ni ishara kwamba tumbo linavuja damu. Mzee anayevuja damu polepole huwa mweupe machoni, hupata kizunguzungu na hukosa pumzi, na wote wanaomzunguka hufikiri ni moyo.

Kuhusu pumzi, ukiacha upungufu wa damu, kuna mambo matatu ya kutafuta, na mawili ya kwanza ekografia ya moyo itayajibu. La kwanza ni kuvuja kwa damu pembezoni mwa vali. Kwa kuwa kalsiamu ya zamani imebaki na haina umbo laini, mara nyingine vali mpya haikai sawasawa kila upande, na damu hurudi nyuma kupitia upenyo uliobaki. Kuvuja kidogo huvumiliwa, lakini kuvuja kwingi kunachosha moyo na kunaweza kuhitaji kazi nyingine ya mrija. La pili ni damu kuganda juu ya vali, ambako hutibiwa kwa dawa. La tatu ni mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo elektrokadiogramu itayaonyesha, na ambayo yasipotibiwa yanaongeza hatari ya kiharusi. Ekografia hiyo ingepaswa kufanyika hata kama baba yako angekuwa anacheza rumba, kwa sababu desturi ni kuifanya karibu na siku ya 30, kisha mara moja kila mwaka.

Uvimbe wa kinenani: michubuko ya rangi ya zambarau inayoteremka pajani na kugeuka manjano ni jambo la kawaida, hata kijinundu kigumu kisichouma. Mwekee kiganja juu yake. Kikidunda pamoja na mapigo ya moyo, kikikua au kikiuma, huenda mshipa haukuziba vizuri na ekografia ya mshipa inahitajika siku hiyohiyo. Mguu ukiwa baridi, mweupe au umekufa ganzi, hiyo ni dharura ya usiku au mchana. Msimkande kwa maji ya moto wala kumpaka dawa za mizizi mahali hapo.

Na hiyo ripoti ya Kiingereza itafutieni mtafsiri wiki hii. Ndani yake kuna aina na ukubwa wa vali, kiasi cha damu kilichokuwa kikivuja siku ya kutoka, elektrokadiogramu ya mwisho na muda wa kila dawa. Daktari wa hapa asiye nayo anafanya kazi kama mtu anayetafuta sindano gizani.

*Munganga, mimi ni mwana wa Likasi. Mama ana miaka 83. Alipelekwa India kuwekewa vali, na siku ya pili baada ya kazi hiyo walitwambia moyo wake umeanza kusimama kwa hiyo ni lazima wamwekee pesimeka, kile kifaa kidogo cha umeme kinachouhimiza moyo upige. Tulilipa. Sasa ndugu zangu wanasema madaktari walimharibu moyo ili watuongezee bili. Mama mwenyewe hana shida, ila usiku wa siku za kwanza alikuwa akimwita marehemu baba na kutaka kutoka kitandani, jambo ambalo halijarudi. Je, walikosea? Nami nina karakana ya kuchomelea vyuma nyuma ya nyumba, je, ni hatari kwake?*

Ndugu yangu, sikuwa chumbani walipomtibu mama, kwa hiyo sitamhukumu mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba uliyoyaeleza ni tatizo linalojulikana na kuhesabiwa tangu zamani, wala si kisa cha kutungwa. Ule waya wa asili nilioutaja katika jibu la kwanza upo umbali wa milimita chache tu kutoka kwenye vali. Katika tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 2019, zilizofanywa kwa wagonjwa wenye hatari ndogo wakipasuliwa, wale waliowekewa vali inayofunguliwa kwa puto walihitaji pesimeka kwa kiasi cha karibu 7 katika kila 100 ndani ya siku 30, na wale wa vali inayojifungua yenyewe karibu 17 katika kila 100. Mgonjwa ambaye waya wake wa upande wa kulia ulikuwa na kasoro tangu mwanzo, jambo ambalo ni la kawaida kwa watu wa umri wa mama, yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko wengine. Umeme ukikatika kabisa na usirudi, pesimeka si anasa, na kumrudisha mama Likasi bila kifaa hicho ndilo ambalo lingekuwa kosa.

Bili ni habari nyingine. Hapo ndugu zako wana hoja, ingawa wameielekeza pasipofaa. Hatari inayompata mgonjwa mmoja kati ya kumi, au zaidi, inapaswa kutajwa pamoja na bei yake kabla familia haijauza shamba na kukata tiketi. Yeyote anayesoma haya na ambaye mzazi wake bado hajasafiri, aulize waziwazi: pesimeka ikihitajika, tutalipa kiasi gani zaidi, na tutakaa siku ngapi zaidi?

Kuhusu yale maneno ya usiku, mama alichanganyikiwa kwa muda, hali inayowapata wazee wengi baada ya kazi kubwa hospitalini, hasa wakiwa katika nchi wasiyoijua lugha yake, bila miwani wala kifaa cha masikio, na usingizi umekatizwa. Mara nyingi huisha yenyewe. Nakutahadharisha kwa jambo moja: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, au maneno yakikwama ghafla, hilo si kuchanganyikiwa bali ni kiharusi, nacho hakingojwi hadi asubuhi. Vipande vya kalsiamu vinaweza kumeguka wakati vali inakunjuliwa na kupanda kwenye ubongo. Mwaka 2010, katika utafiti wa kwanza mkubwa kwa wagonjwa wasioweza kupasuliwa, kiharusi kikubwa kiliwapata takriban 5 katika 100 ndani ya mwezi wa kwanza. Siku hizi hesabu imeshuka sana, lakini haijafika sifuri. Nitaje pia upande wa pili wa utafiti huohuo, ili mtu asitishike na kukataa tiba: baada ya mwaka mmoja, walioachwa na tiba ya kawaida walikuwa wamefariki karibu 51 katika 100, na waliopewa vali karibu 31.

Karakana yako ihamishe, au mama asikaribie kabisa unapochomelea. Mashine ya kuchomelea hutoa nguvu za sumaku zinazoweza kuidanganya pesimeka ikadhani moyo unapiga. Akiwa ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa matofali, si tatizo. Kumletea mama kiti akae karibu nawe azungumze huku unachomelea ndilo tatizo. Simu aitumie kwa sikio la upande usio na kifaa. Kadi ya pesimeka na kadi ya vali azibebe daima, na kifaa kikaguliwe mara moja au mbili kwa mwaka mahali penye mashine ya kukisoma. Ulizeni mapema ni wapi, kwa kuwa mashine ya kampuni moja haisomi kifaa cha kampuni nyingine.

*Nakuandikia kutoka Ruashi. Mume wangu ana miaka 81, na vali yake ina miezi saba. Katika miezi miwili iliyopita ametibiwa malaria mara tatu. Kila mara TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, inasema ni chanya, anapewa dawa na sindano, anapata nafuu siku nne au tano, kisha homa inarudi jioni pamoja na jasho la usiku. Amekonda, na hata bukari (ugali) anaisukuma pembeni. Kabla ya hayo aling'olewa jino. Nifanye nini ili malaria hii iishe?*

Mama, nimeisoma barua yako mara mbili, na mhariri alikupigia simu kabla gazeti halijachapishwa, kwa sababu jibu lake halikuweza kungoja. Nalichapisha hapa kwa ajili ya wengine.

Huenda hiyo si malaria. Sisemi hakuna malaria. Tuko Haut-Katanga, na mvua zinajulikana. Lakini mtu mwenye vali ya bandia anayepata homa inayokwenda na kurudi, pamoja na jasho na kukonda, ahesabiwe kuwa na maambukizi ya vali hadi vipimo vithibitishe vinginevyo. Vimelea kutoka kinywani, kwenye ngozi, tumboni au katika njia ya mkojo huingia katika damu, hushika kwenye vali na kujijengea humo. Kwa waliowekewa vali kwa njia ya mrija tatizo hili huwapata takriban mmoja katika kila 100 kwa mwaka, hasa mwaka wa kwanza, na linaua: hata hospitali zenye kila kitu hupoteza takriban theluthi moja ya wagonjwa hao. Kwa wazee homa yenyewe inaweza kuwa ndogo, na dalili kuu ikawa udhaifu na kukosa hamu ya chakula, ndiyo maana watu wa nyumbani husema mzee amechoka.

Kwa nini basi TDR ilikuwa chanya? Kipimo hiki cha haraka hutafuta protini ya kimelea cha malaria, na protini hiyo inaweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya malaria kupona. Chanya ya pili na ya tatu ndani ya miezi miwili huenda ni mabaki ya ile ya kwanza. Anayetaka kujua ukweli aombe damu iangaliwe kwa darubini. Na kwa nini sindano zilimpa nafuu? Kwa sababu, kama nilivyofahamu baadaye, ndani yake kulikuwa na antibiotiki. Antibiotiki ya siku tatu huwapunguza vimelea bila kuwamaliza, homa hushuka, kila mtu hushukuru, na vali huendelea kuliwa. Ubaya zaidi ni kwamba baadaye damu ikipandwa katika maabara haioti kitu, na daktari hajui anapigana na nani.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na familia inayo haki ya kuudai kwa upole na kwa uthabiti: kwanza damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha vimelea, mara tatu, kutoka sehemu tofauti za mwili, kabla ya antibiotiki yoyote, kisha ekografia ya moyo, ambayo isipoonyesha kitu haifungi jambo, kwa kuwa mara nyingi inabidi ile inayofanywa kwa kumezesha kipimo hadi kwenye umio, baada ya hapo ndipo dawa zianze, na zitakuwa za mshipani, kwa kawaida kwa majuma yasiyopungua sita. Mgonjwa aliye mahututi hangojeshwi, lakini hata yeye damu yake huchukuliwa kwanza, ni kazi ya dakika chache. Mjulisheni pia yule aliyeweka vali, popote alipo.

Nawaomba vilevile wauguzi wa zahanati zetu, ambao nawaheshimu kwa kuwa ndio wanaofunguliwa mlango saa saba za usiku: msimtundikie dripu ya kwinini mzee mwenye vali kabla ya elektrokadiogramu, maana kwinini huuvuruga umeme wa moyo ambao tayari umebanwa.

Jino nalo halikuwa na kosa. Jino bovu ni hatari kuliko kung'olewa. Kosa lilikuwa kulitoa bila kinga. Mwenye vali ya bandia hupewa amoksisilini gramu 2 kwa mara moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'olewa jino au kusafishwa fizi, na asiyepatana na penisilini huchaguliwa nyingine. Kinga hiyo ni ya maisha yote.

*Baba anapenda makayabu (samaki wa chumvi) na sombe (majani ya muhogo). Je, aache? (Kampemba)*

Makayabu ina chumvi nyingi hata baada ya kulowekwa usiku kucha, na moyo uliosukuma kwa nguvu miaka mingi umekuwa mnene na mgumu, hauvumilii chumvi hata ukipewa vali mpya. Apewe samaki wabichi. Sombe aendelee nayo, bila kube nyingi, vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Ikiwa anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu majani ya kijani yana vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Kula sombe kila siku mwezi huu na kuiacha kabisa mwezi ujao ndiko kunakovuruga vipimo. Tena akiwa na wafarini, asipewe kotrimoksazoli wala metronidazoli bila daktari kujua, kwani humfanya avuje damu. Ibuprofeni na diklofenaki za sokoni azisahau, kwa ajili ya tumbo na figo.

*Vali itadumu miaka mingapi? (Kamalondo)*

Nyingi hufanya kazi vizuri hadi miaka kumi, nyingine zaidi. Ikichakaa, mara nyingi inawezekana kuweka nyingine ndani yake kwa njia ileile ya mrija, na ukubwa wa ile ya kwanza ndio unaoamua kama nafasi itatosha. Ukubwa huo umeandikwa kwenye kadi. Ipigeni kadi picha leo, nakala moja ibaki kwa mtoto mkubwa na nyingine kwa daktari wenu.